Je, Wajua? Mto wa Mbwera na Hospitali ya Ifakara

Zaidi ya nusu ya maji ya mto Rufiji, unaomwagika baharini penye visiwa vya mikoko vya Mbwera, hutoka bonde la mto Kilombero. Huko, mjini Ifakara, ndiko iliko Hospitali ya Mtakatifu Fransisko.

• Ilianza kama zahanati ya misheni. Watawa Wakapuchini na masista wa Baldegg, kutoka Uswisi, ndio walioikuza.

• Mwaka 1957 Rudolf Geigy, mwanasayansi wa Basel, Uswisi, alifungua maabara Ifakara. Leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, bingwa wa utafiti wa malaria.

• Wagonjwa wa Mahenge, ng'ambo ya mto Kilombero, walivuka mto huo kwa pantoni ili kufika hospitalini. Daraja la mita 384 lilizinduliwa 2018.

Zahanati ile sasa ni hospitali ya rufaa.