Jembe Lililolala Nje

Mvua za Msangano huanza kadiri ya mwezi wa Novemba, na zikifika hazimngoji mkulima mwenye jembe bovu. Nyumba isiyotengeneza zana zake wakati wa kiangazi hupoteza siku za kupanda ikitafuta mpini, na siku hizo hakuna awezaye kuzirudisha.

Zamani chuma kilitukuzwa. Jirani zetu wa Ufipa waliyeyusha mawe ya chuma katika matanuru marefu ya udongo, wakiyaita malungu, na jembe lililotoka kwa mhunzi lilifaa hata kutolewa mahari. Leo lapatikana dukani, basi twalilaza nje na tope lake! Nasi ndio tusomao sura nzima iitwayo Al-Hadid, yaani Chuma.

Ndugu msomaji, linaloliua jembe si kazi, ni unyevu. Udongo mbichi ulioganda juu ya bapa hukaa na maji usiku kucha, na hapo ndipo kutu inapoanza kula. Kabla ya kuliingiza ndani, ukwangue udongo kwa kijiti, ulifute kwa kitambaa kikavu, kisha ulipake mafuta kidogo. Hata ya ufuta yafaa.

Katika kunoa, tupa hukata ikisukumwa mbele tu. Ukiirudisha huku umeikandamiza, waharibu meno yake. Wala usiyafanye makali membamba kama ya kisu, kwani yatakunjika kwenye jiwe la kwanza. Apelekaye jembe kwenye mashine ya kunolea na alichovye majini mara kwa mara: chuma kikigeuka rangi ya buluu, ugumu wake umekwenda.

Lakini linalonitia hofu zaidi ni mpini uliolegea, hasa wa shoka. Shoka likichomoka laweza kuruka popote, na karibu na baba apasuaye kuni mara nyingi husimama mtoto. Wapo wanaolilaza shoka majini usiku. Mti hufura ukabana, lakini ukikauka husinyaa, likalegea tena. Dawa yake ni kabari ya mti mgumu, igongwe mpini ukiwa mkavu. Mpini wenye ufa usifungwe kamba wala mpira, uchongwe mwingine. Uliokwaruza tu hulainishwa kwa kuparuzwa na kipande cha chupa, ukapakwa mafuta, na mama akapona malengelenge.

Jioni moja ya Oktoba yawatosha vijana kwa majembe yote ya nyumba. Wadogo wapewe kukwangua udongo. Tupa na chupa waachiwe wakubwa.