Hesabu Inayookoa Mazutu

Mgodi wa dhahabu wa Namoya uko Salamabila, teritwari ya Kabambare, jimbo la Maniema nchini Kongo, na waya wa shirika la umeme SNEL haufiki huko. Kampuni ya Banro ya Kanada ilipoanza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2016, umeme ulitoka kwenye jenereta za mazutu, na mazutu yenyewe yalipanda malori kwenye barabara ambazo watu wa Wamaza hawahitaji kusimuliwa. Mashine za kuvunja mawe, mikanda ya kubeba mchanga, pampu za maji: kwa kawaida kazi kama hizo hufanywa na mota za induksheni. Penye jenereta, namna mota inavyoongozwa inaonekana kwenye idadi ya mapipa yanayoungua kwa siku.

Mota ya induksheni ni ya zamani. Galileo Ferraris wa Italia na Nikola Tesla waliitangaza mwaka 1888, kila mmoja kwa njia yake, na mwaka uliofuata Mikhail Dolivo-Dobrovolsky akaipa umbo tunalolijua leo: umeme wa fezi tatu kwa nje, na ndani rota ya fito za metali inayopitisha umeme, zilizofungwa pande zote mbili kama tundu. Haina brashi za kuchakaa, haina waya unaoingia kwenye rota. Fezi tatu zinatengeneza sumaku inayozunguka, na rota inaifukuza bila kuifikia. Kwa umeme wa hezi 50 na mota ya ncha nne, sumaku inazunguka mara 1,500 kwa dakika, rota labda 1,450. Pengo hilo ndilo linalozalisha nguvu. Rota ikiifikia sumaku, nguvu inakwisha.

Uimara huo una gharama zake. Mwendo wa mota umefungwa kwenye hezi za umeme, na ukiiwasha moja kwa moja inameza mkondo mara sita hadi nane ya ule wa kawaida. Mwenye mashine ya kusaga muhogo mjini Kasongo anaijua hali hiyo: jenereta inanguruma, taa zinafifia, wakati mwingine vyote vinazima. Basi ananunua jenereta kubwa zaidi kwa ajili ya sekunde chache za kuwasha, kisha siku nzima inafanya kazi kwa nusu ya uwezo wake na kuchoma mafuta bure.

Dawa ni inverta. Inageuza umeme kuwa wa mkondo mnyoofu, halafu inaukatakata kwa transista na kuutoa upya kwa hezi zozote zinazotakiwa. Mota inaanza polepole, bila kishindo. Kwa pampu za kusukuma maji kuna faida nyingine kubwa: ukipunguza mwendo hadi asilimia 80, nguvu inayohitajika inashuka hadi karibu nusu, kwa sababu inafuata mwendo ukizidishwa kwa wenyewe mara tatu. Hapo ndipo akiba nyingi ilipo, na haihitaji sayansi ya hali ya juu.

Sayansi ya hali ya juu inaanza mota zikiwa kubwa. Inverta ya kawaida inajua ngazi mbili tu za volteji, ya juu na ya chini. Kwenye maelfu ya volti, kila mruko kati ya ngazi hizo ni pigo kwa insulesheni ya nyaya na kwa beringi. Mwaka 1981 Wajapani watatu, Akira Nabae, Isao Takahashi na Hirofumi Akagi, walieleza inverta yenye ngazi ya tatu katikati. Kila mruko ukawa nusu ya ule wa zamani, na umbo la umeme likasogelea wimbi laini. Treni ya Shinkansen ya mfululizo wa 700, iliyoanza safari mwaka 1999, ilitumia ngazi tatu.

Lakini ngazi zikiongezeka, maamuzi nayo yanaongezeka. Kwa fezi tatu, inverta ya ngazi mbili ina hali 8 za kuchagua; ya ngazi tatu ina 27; ya ngazi tano, 125. Na ngazi ya katikati inashikiliwa na kapasita mbili ambazo lazima zigawane volteji sawasawa. Moja ikielemewa, transista zinaweza kuungua. Tena kila transista inapofunga au kufungua inatoa joto, yaani umeme uliopotea. Kwa hiyo kiongozi wa mota ana mabwana wengi: nguvu ya kuzungusha, sumaku, usawa wa kapasita, na joto.

Mbinu za awali za kuongoza mota, kama ile ya Felix Blaschke wa Siemens ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, au ile ya Takahashi na Noguchi ya mwaka 1986, zilipima kosa kisha zikalirekebisha. Mbinu ya kutabiri inafanya kama mpiga kasia kwenye Lualaba: anatazama maji yaliyo mbele, anapima akilini kila njia itamfikisha wapi, anapiga kasia moja tu, kisha anatazama upya. Kila sehemu 25 za milioni za sekunde, kompyuta ndogo inapima mkondo, inakokotoa kila moja ya hali zile 27 ingeleta nini, inatoza adhabu kwa kila kosa, na inachagua yenye adhabu ndogo. Hesabu inarudiwa tangu mwanzo.

Wazo hili lilitoka kwenye viwanda vya kusafisha mafuta miaka ya 1970. Huko mambo yanabadilika kwa dakika, hivyo hata kompyuta za wakati ule ziliwahi. Mota haingoji. Joachim Holtz wa Ujerumani aliliandika kwa ajili ya inverta mwaka 1983, lakini vifaa vya kukokotoa kwa kasi ya kutosha vilichelewa sana. Mwaka 2007 kundi la José Rodríguez, kutoka Chuo Kikuu cha Federico Santa María huko Valparaíso, Chile, lilionyesha njia rahisi ambayo maabara nyingi ziliifuata. Sishangai kwamba ni Chile: nchi ya shaba ina mota kubwa za migodini. Nasi tuna Katanga. Wakati huohuo wahandisi wa ABB na chuo cha ETH Zürich walijaribu njia ya kutabiri kwenye mota kubwa halisi yenye inverta ya ngazi tatu, na katika hali fulani kufunga na kufungua kwa transista kulipungua kwa zaidi ya theluthi.

Kuna jambo ambalo wanaoisifu mbinu hii hulipita haraka. Utabiri unategemea kujua mota ilivyo, na mota inabadilika. Rota ikipanda nyuzi joto 100, ukinzani wake unaongezeka kwa karibu asilimia 40, na hesabu iliyotegemea namba ya asubuhi inadanganya mchana. Uzito wa kila adhabu nao mara nyingi hupatikana kwa kujaribujaribu. Mahali penye joto la Maniema na fundi aliye mbali, ningeuliza maswali hayo kabla ya kusaini.

Ngazi nyingi na utabiri vitatufikia kwanza kwa njia mbili, migodi na reli. Tanzania ilianzisha treni ya umeme kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, yenye kasi ya kilomita 160 kwa saa, na mpango wa kuendelea kutoka Uvinza kupitia Burundi na Uvira unaitaja Kindu kama mwisho wake. Reli ya Kindu hadi Kongolo, inayopita Samba, ilijengwa zaidi ya miaka 100 iliyopita na haijawahi kuona waya wa umeme.

Mwenye mashine ya kusaga asihangaike na ngazi tatu. Kwa mota ya kilowati chache, inverta ya ngazi mbili inatosha, na zipo zinazopokea umeme wa sola moja kwa moja. Kabla ya kununua jenereta kubwa zaidi, uliza kwanza bei ya inverta, na umuulize muuzaji ni nani ataitengeneza ikiharibika.