Jokofu la Chanjo na Vijiti Viwili

Asubuhi na jioni, muuguzi wa zahanati husoma kipimajoto cha jokofu la chanjo na kuandika namba kwenye chati. Chanjo nyingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Joto likipanda, nguvu ya chanjo hupungua. Likishuka mno, chanjo kama ya pepopunda huganda na kuharibika. Hatari iko pande zote mbili.

Katikati ya 2 na 8 ni 5, na kutoka 5 hadi ukingo wowote ni hatua 3. Tukiliita joto t, kanuni nzima ya jokofu basi inaenea katika mstari mmoja: |t − 5| ≤ 3. Vile vijiti viwili, alama ya thamani kamili aliyoianzisha Mjerumani Karl Weierstrass mwaka 1841, vinauliza umbali tu. Wanafunzi wengi huambiwa kazi yake ni kufuta alama ya kutoa. Maelezo hayo yanatosha kwa |−7|. Ikiingia herufi isiyojulikana, yanamwacha mtu njia panda.

Umbali usiozidi 3 maana yake −3 ≤ t − 5 ≤ 3. Ongeza 5 kote kutatu, upate 2 ≤ t ≤ 8.

Je, king'ora kilie lini? Pale |t − 5| > 3, na hapa ndipo madaftari hujaa wino mwekundu. Aliyezoea kubana kila kitu katikati huandika 8 < t < 2, yaani joto lizidi 8 na papo hapo lipungue chini ya 2. Jokofu la hivyo halijatengenezwa. Jibu ni t < 2 au t > 8, na hilo “au” ndilo lenye uzito: ni vipande viwili vya mstari wa namba visivyogusana. Kipimajoto kikisoma −1, umbali wake kutoka 5 ni 6. King'ora kinalia.

Watunga mitihani nao wana mtego wao: |t − 5| < −2. Mwanafunzi mwenye pupa hujaza nusu ukurasa kwa hesabu, ilhali hakuna umbali ulio chini ya sifuri, hivyo jawabu halipo. Geuza alama iwe |t − 5| > −2, na kila namba inafaa, hata ile ya jokofu lililozimika tangu juzi.