Kabla ya kung'oa jino, tujue kwanza mfereji wake

Huku kwetu Mutarule, jino likianza kuuma usiku, mashauri ni mawili tu: "Kanunue amoxi kwa famasi," ama "Enda walitoe, itaisha." Kuna njia ya tatu: kusafisha jino mpaka ndani ya mzizi, ile madentisti wanaita devitalizasio. Wengi wanaiogopa juu wamesikia inauma sana. Leo tuielewe, kwa sababu jino la mtu mzima likitoka halioti tena.

Ndani ya jino kuna nyama laini yenye neva na damu. Inashuka mpaka ncha ya mzizi ndani ya kijia chembamba, yaani mfereji. Jino likitoboka, mikrobi wanaingia humo. Nyama inavimba, lakini haina pa kutanuka kwa sababu imezungukwa na ukuta mgumu. Ndiyo maana maumivu yanakuwa makali hivyo. Kisha nyama inakufa na uchungu unatulia. Mtu anafurahi kwamba amepona, kumbe mikrobi wanaendelea kushuka hadi kwenye mfupa.

Hapo amoxi inashindwa. Dawa ya kumeza inasafiri na damu, na damu haifiki tena ndani ya jino lililokufa. Daktari anaweza kuitoa uvimbe ukienea na homa ikipanda, lakini chanzo kinabaki palepale.

Kwamba adui ni mikrobi, ilionekana wazi Marekani mwaka 1965. Kakehashi, Stanley na Fitzgerald walitoboa meno ya panya. Kwa panya wa kawaida, nyama ya jino ilioza. Kwa panya waliolelewa bila mikrobi hata mmoja, jino lilianza kujiziba lenyewe. Kwa hiyo kazi yote ni usafi.

Sisi wa bonde la Ruzizi tunajua mifereji. Mfereji wa mpunga ukijaa matope na majani, kumwaga maji juu yake hakutoshi: unaukwangua kwanza, kisha unaachilia maji. Dentisti naye ni vilevile. Anakwangua kwa tupa nyembamba kama sindano. Zile za chuma cha zamani ni ngumu, mzizi ukipinda zinaweza kukwama ama kutoboa ukuta. Mwaka 1988 watafiti walionyesha tupa za nikeli na titani, ambazo zinajikunja na kufuata kona. Kuna pia kipimo cha umeme kinachoonyesha mzizi unaishia wapi, ili tupa isipite nje na kujeruhi nyama, jambo linaloweza kuleta maumivu ya baadaye.

Lakini tupa haigusi kila pembe, ndiyo maana mfereji unaoshwa. Dawa inayotumika sana ni hipokloriti ya sodiamu, ileile iliyo ndani ya javeli, ndugu wa kloru tunayotia katika maji tukikimbia kolera. Inaua mikrobi na kuyeyusha nyama iliyokufa. Vifaa vipya vinaitikisa zaidi ya mara 20,000 kwa sekunde, ili ifike mahali tupa haifiki. Tafadhali, usijaribu javeli nyumbani: inaunguza mdomo!

Na uchungu je? Sindano ya ganzi inafanya kazi vizuri, ila nyama iliyovimba sana ina asidi nyingi na inaipunguza nguvu. Anayengoja mpaka ashindwe kulala ndiye mara nyingi anayerudi na habari kwamba inauma. Kisha jino linaweza kuchoma kidogo siku chache, hiyo ni kawaida. Lakini shavu likivimba na homa, ama kumeza na kupumua kukiwa kugumu, kimbilia hospitali siku hiyohiyo.

Ukikaa kwenye kiti cha dentisti, iwe Uvira, Bukavu ama Bujumbura, uliza maswali manne. Je, tutapiga radio? Utaweka kile kitambaa cha mpira kinachozuia mate yasiingie? (Si cha leo: Sanford Barnum alikianzisha mwaka 1864.) Mfereji utaoshwa na dawa gani? Na juu utazibwa na nini? Mashine mpya zinasaidia, lakini jino lisipozibwa vizuri, mikrobi watarudi tu.

Mwenye jino linalomsumbua leo, asingoje wiki ijayo.