Nyayo za Laetoli: Kumbe miguu ilitangulia, ubongo mkubwa ukaja baadaye

Ukikanyaga matope leo, mvua moja tu inatosha kufuta alama yako. Sasa iweje nyayo zidumu zaidi ya miaka milioni 3.6 pale Laetoli, Ngorongoro, kaskazini mwa Tanzania?

Zilibakije?

Volkano ilimwaga majivu, mvua ikayalowesha yakawa kama saruji mbichi. Wanyama wakapita juu yake, na viumbe wa ukoo wetu pia wakapita. Majivu yakakauka na kuwa magumu, kisha mengine yakayafunika. Hata alama za matone ya mvua zimebaki!

Nani aliziona?

Mwaka 1976 watafiti walikuwa wakirushiana mavi ya tembo kwa utani. Mmoja wao, Andrew Hill, akaanguka, na kumbe pale chini kuna nyayo za wanyama. Mwaka 1978 kikosi cha Mary Leakey kikapata kubwa zaidi: nyayo kama 70 za waliotembea kwa miguu miwili, kwenye njia ya mita 27 hivi.

Zinatuambia nini?

Kisigino kilitangulia kukanyaga, kama chako. Kidole gumba kiko sambamba na vingine, hakijajitenga kama cha sokwe. Wataalamu wengi wanaamini ni *Australopithecus afarensis*, jamii ya "Lucy" wa Ethiopia, ambaye ubongo wake ulikuwa kama theluthi moja ya wetu.

Zana za mawe za kale zaidi zinazojulikana, za Lomekwi karibu na Ziwa Turkana, Kenya, zina miaka milioni 3.3. Kwa hiyo tulitembea wima kwanza; zana na ubongo mkubwa vikafuata. Zamani wanasayansi wengi walidhani ni kinyume chake.

Mbona ukienda huzioni?

Zimefukiwa makusudi. Zilipofunikwa mara ya kwanza, mbegu za migunga zilikuwemo kwenye udongo, miti ikaota na mizizi ikaanza kuzitishia. Miaka ya 1990 wataalamu wa Tanzania na wa taasisi ya Getty ya Marekani waliing'oa miti hiyo, wakazifukia upya kwa uangalifu zaidi.

Mfupa unaweza kuhamishiwa kabatini. Nyayo hizi hazihamishiki kirahisi: mvua au mizizi ikiziharibu, basi, hakuna nyingine. Kwa sasa udongo ndio mlinzi wake.