Chakula cha Mkahawani, Glasi za Nyumbani: Hesabu ya Meza ya Watu Wanane

Watu wanane wa Nairobi wanataka kula chakula cha Kihindi chenye mkoa wake, cha Gujarat, Punjab au Goa, na kila mmoja anywe kokteli mbili. Wakienda mkahawani, chakula ni shilingi 9,600 na vinywaji ni 14,400. Jumla 24,000. Wakinunua chakula kikaletwa nyumbani, vinywaji wakavichanganya wenyewe, jumla inashuka hadi 12,890. Wakipika kila kitu kwa mikono yao, wanafika 7,290.

Bei hizi ni za mfano. Nimeziweka karibu na za mkahawa wa kati wa Parklands au Westlands: mchuzi 1,200, dengu 800, sahani ya biriani 1,100, naan 150, kokteli 900. Msomaji aweke zake. Ninachotaka akione ni ukubwa wa hatua mbili zilizomo humo. Ya kwanza, ya kuhamisha vinywaji nyumbani, inaokoa shilingi 11,110 na kazi yake haizidi saa moja. Ya pili, ya kuhamisha chakula, inaokoa 5,600 na kazi yake, kwa karamu yenye vyakula sita au saba, ni kama saa saba. Hiyo ni shilingi 800 kwa saa. Anayebana matumizi huanza kwa kukimbilia sufuria, ilhali fedha iko kwenye glasi.

Kwa nini iwe hivyo? Jibu liko katika ukubwa wa jiko. Chakula hiki hurahisika kadiri sufuria inavyokuwa kubwa. Kokteli haijali: glasi moja na glasi mia zina gharama ileile kwa kila glasi, na vifaa vyake mtu anavyo tayari, kisu, kikombe cha kupimia na chupa yenye kizibo.

Tuanze na chakula, maana ndicho chenye mengi. Nairobi ina bahati ambayo idadi ya watu peke yake haiwezi kuieleza. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya wenye asili ya Asia 47,555 na Waasia wasio raia 42,972. Hao ni 90,527 katika nchi ya watu milioni 47.6, chini ya wawili katika kila elfu. Wengi wao asili yao ni Bara Hindi. Reli ya Uganda ilileta vibarua 31,983 kutoka huko kati ya 1896 na 1901. 2,493 walifia kazini na 6,724 wakabaki baada ya mikataba yao kwisha. Lakini jamii kubwa ya leo haikutokana na hao tu. Ilikuzwa na wafanyabiashara wa Gujarat waliofungua maduka kandokando ya reli, mafundi wa Punjab, na Wagoa waliofanya ukarani ofisini na upishi majikoni. Ndiyo maana mtu anayetoka Ngara kwenda Highridge anapita majiko ya mikoa mitatu au minne ya India kabla miguu haijachoka, na kila jiko lina wateja wa kizazi cha tatu wanaojua ladha ilivyopaswa kuwa.

Sasa mchukue Mgujarati na sahani yake ya thali. Ndani yake mna mboga tatu, dengu, kadhi ya maziwa ya mgando, wali, mikate ya aina mbili, kitafunwa kimoja cha kukaanga au cha mvuke, na kitamu. Vyakula kumi. Vingi vina viungo vyake vinavyokaangwa peke yake kwa mafuta au samli, kwa hiyo hakuna njia ya mkato. Tukikadiria dakika 40 za mikono kwa kila chakula, hizo ni dakika 400. Kwa watu wanane kila mlaji amegharimu dakika 50 za kazi ya mtu. Mkahawa unaouza sahani 150 mchana mmoja haufanyi kazi hiyo mara kumi na tisa. Hata kazi ikiongezeka mara tatu, hadi dakika 1,200, mlaji mmoja amegharimu dakika nane. Hapo ndipo bei ya thali inapotoka, na ndiyo sababu mama wa Kigujarati mwenye kujua kupika vyote hivyo humpeleka mumewe mkahawani Jumapili bila kuona aibu yoyote.

Wengi hudhani gharama iko kwenye viungo. Haiko huko. Mchuzi wa watu wanane hutumia gramu 30 hivi za bizari, giligilani, pilipili na wenzao. Kilo ikiwa shilingi 2,000, hizo ni shilingi 60, yaani saba na nusu kwa mtu. Zafarani ndiyo pekee inayouma, kwa sababu gramu yake moja huhitaji maua yapatayo 150, na kila ua lina nyuzi tatu tu za kuchumwa kwa mkono. Gesi nayo? Kilo ya vitunguu ina takriban gramu 890 za maji, na ili viwe vya kahawia kwa biriani, robo tatu ya kilo nzima lazima iondoke kwa mvuke. Kazi hiyo huhitaji joto la megajuli mbili hivi. Nusu ya moto wa jiko hupotea pembeni mwa sufuria, kwa hiyo tunachoma gramu 85 za gesi. Mtungi wa kilo 13 ukiuzwa 3,200, gharama ni kama shilingi 20. Shilingi ishirini kwa vitunguu vyote vya biriani! Ghali ni mtu anayesimama pale dakika arobaini akigeuza mwiko ili visiungue. Mkahawani mtu huyohuyo, kwa muda usiozidi sana huo, anageuza karai la kilo kumi.

Kisha kuna vitu ambavyo nyumbani haviwezekani hata ukiwa na siku nzima. Tanuri la udongo la Kipunjabi hufika nyuzi 400 za Selsiasi na zaidi, na naan hubandikwa ukutani mwake na kuiva kwa dakika moja au moja na nusu. Oveni ya kawaida ya nyumbani huishia 250. Na tanuri huhitaji kuwashwa muda mrefu kabla ya mkate wa kwanza, kwa hiyo kuliwasha kwa ajili ya mikate kumi na miwili ni kupoteza mkaa. Likiwa limewaka, mikate sita kwa kila dakika mbili ni mikate 180 kwa saa. Usiku, makaa yakiwa yanafifia, mapishi ya kale ya Punjab huacha chungu cha dengu nyeusi juu yake hadi asubuhi. Moto huo tayari ulishalipwa na naan. Nyumbani, jiko dogo likiwaka saa 12 kwa kilowati 0.6 humaliza zaidi ya nusu kilo ya gesi, karibu shilingi 140, kwa chungu kimoja.

Dosa ya kusini nayo hupambana na hali ya hewa. Mchele sehemu tatu na dengu za urad sehemu moja hulowekwa saa nne hadi sita, husagwa, kisha rojo lake huachwa liumuke. Katika joto la nyuzi 28 la Chennai au Mombasa, saa nane hadi kumi na mbili zinatosha. Nairobi iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai hushuka hadi nyuzi 12 au chini ya hapo. Rojo hulala tu. Mkahawa una kona ya joto karibu na majiko, na rojo jipya kila siku.

Kwa hiyo nasema kwa moyo wote: nunua, na usimbembeleze mwenye mkahawa apunguze bei. Ndani ya zile 9,600, kama bei zimejumuisha VAT ya asilimia 16 na tozo ya utalii ya asilimia 2, shilingi 1,464 si zake hata kidogo. Zinazobaki, 8,136, ndizo zinazolipa mikono tuliyokwisha kuihesabu.

Ila chagua kwa akili, kwa sababu chakula kinachosafiri dakika 40 kwenye pikipiki hakiharibiki sawasawa. Vindalu ya Goa, iliyolowekwa kwenye siki na kitunguu saumu, hupendeza zaidi siku ya pili. Sorpotel, mchuzi mwingine wa Kigoa, hali kadhalika, na Wagoa wenyewe huipika siku mbili tatu kabla ya Krismasi. Dengu nyeusi haijali safari. Biriani iliyofunikwa vizuri hufika salama na joto lake. Lakini dosa, na mikate ya kukaangwa ya puri na bhature, hufa njiani. Mvuke ulioko ndani ya kifungashio huzigeuza ngozi, na fedha uliyolipia wepesi wake imepotea. Hizo ziende zikaliwe palepale, siku nyingine. Naan iko katikati: iagize bila siagi, uipake mwenyewe baada ya kuipitisha kwenye kikaangio kikavu nusu dakika kila upande.

Tuje kwenye glasi. Chupa ya jini au vodka ya mililita 750, tuseme ni shilingi 2,400. Kwa kipimo cha mililita 45, glasi 16 hutumia 720. Chupa moja inatosha, na usinunue ya pili. Ndimu moja ya kawaida hutoa mililita 18 hivi za maji. Zinatakiwa 360, kwa hiyo ndimu 20, shilingi 200. Sukari gramu 200 ya shira, shilingi 40. Soda ya maji lita mbili, 250. Barafu kilo tano, 400. Jumla 3,290, kila glasi 206. Baa ilikuwa inataka 900. Serikali, kwa kanuni iliyoanza mwishoni mwa 2024 ya shilingi 10 kwa kila sentilita ya alkoholi halisi katika vinywaji vikali, imechukua ushuru wa shilingi 18 tu kwenye kila glasi yako. Bia ya nusu lita yenye asilimia 5 hulipa 56.25, kwa sababu kiwango chake ni 22.50.

Kuchanganya mara moja kwa watu wote ni desturi ya kale. Waingereza wa Kampuni ya East India waliitaja panchi katika barua ya 1632; panchi ni pombe kali, ndimu, sukari, maji na viungo katika bakuli moja. Kwa raundi ya watu wanane, pima jini 360, maji ya ndimu 180, shira 160. Hizo ni 700. Mhudumu wa baa anapotikisa na barafu, robo nyingine huongezeka kwa kuyeyuka, kwa hiyo ongeza maji baridi 175. Jumla 875, inaingia kwenye chupa ya lita moja na kulala kwenye friji hadi wageni wafike. Ndimu zikamuliwe jioni hiyohiyo. Maji yake yakilala hupoteza uchangamfu.

Mchanganyiko huo una alkoholi asilimia 16.5, nao ni mkali mno kwa chakula cha pilipili. Kapsaisini, kinachowasha kwenye pilipili, huyeyuka katika mafuta na alkoholi, na kinywaji kikali huusambaza muwasho mdomo mzima. Ongeza soda mililita 100 kwa kila glasi, na kiwango kinashuka hadi asilimia 8.6. Alkoholi iliyomo ni ileile, gramu 14, kwa hiyo glasi mbili ni gramu 28, na anayeendesha gari asiziguse.

Kuna wengine wasiozigusa kabisa. Katika mji huu meza ya watu wanane mara nyingi ina Mwislamu, Mjaini au Mlokole, na si heshima kuwapa maji ya mfereji huku wenzao wana glasi zenye mnanaa. Changanya jagi la ukwaju, bizari nyembamba iliyokaangwa, chumvi nyeusi na shira bila pombe, pombe iwe kando. Anayetaka amwagiwe mililita 45 kwenye yake. Kwa asiyekunywa, glasi ile haifiki shilingi 60, na mara nyingi ndiyo inayokwisha kwanza.

Kitu kinachoangusha karamu nyingi ni barafu. Trei ya friji yenye vipande 14 vya gramu 15 hutoa gramu 210. Kilo tano ni trei 24. Mwenye trei mbili zinazoganda kwa saa nne anahitaji siku mbili kamili, akiamka usiku. Nunua mfuko. Soda nayo iingie friji mapema: mililita 100 za soda ya nyuzi 22 zikipozwa hadi nyuzi 4 huyeyusha gramu 22 za barafu, na maji hayo yote hubaki ndani ya glasi.

Wageni wakiwa arobaini, hesabu ya chakula hugeuka. Akiba inafika 28,000, na kazi haiongezeki mara tano. Kwa sufuria kubwa na wasaidizi inaweza kuwa mara mbili tu, saa 14. Sasa ni shilingi 2,000 kwa saa, na mpishi wa kukodi anaweza kulipwa vizuri kwa siku nzima na bado ukabaki na akiba. Glasi ni 80: chupa tano, ndimu 100, na barafu kilo 25, ambayo friji ya kawaida ya nyumbani haitaipokea, hivyo itahitaji pipa lenye kifuniko na gunia la pumba za mbao kuizunguka.