Waliobeba Majeruhi Nao Wakumbukwe

Wasomaji wapenzi wa Karagwe na Kyerwa, ninyi mnaokaa karibu na mto Kagera hamna haja ya kuelezwa vita ni kitu gani. Wazee wenu wanaikumbuka miezi ya mwisho ya mwaka 1978, askari wa Idi Amin walipoingia nchi ya Missenyi wakaishika ardhi yote hata Kyaka, na mwanzoni mwa Novemba wakalivunja daraja. Habari hizo mmezisikia mara nyingi jioni motoni. Lakini leo nataka tuongee juu ya watu ambao hawatajwi sana vita inaposimuliwa, yaani wale wanaokwenda mbele kumchukua aliyeanguka.

Habari yenyewe yaanzia mbali. Mwaka 2024 Marekani ilitunga sheria ya kuwapa Nishani ya Dhahabu ya Bunge watu wa helikopta zilizobeba majeruhi katika vita ya Vietnam. Bunge la nchi ile halina heshima kubwa kuipita hiyo. Basi fanyeni hesabu: askari wa Marekani waliondoka Vietnam mwaka 1973. Kijana aliyekuwa na miaka ishirini wakati ule, sheria ilipopita alikuwa mzee wa miaka sabini na moja, kama alikuwa hai bado. Miaka 51 ya kungojea! Nchi tajiri nazo huchelewa kushukuru.

Je, walifanya nini watu hao? Helikopta ni eropleni isiyohitaji kiwanja. Hushuka mahali padogo kama uwanja wa shule, hata kwenye majani marefu, ikapanda tena moja kwa moja. Mara ya kwanza kutumiwa vitani kuokoa majeruhi ilikuwa Burma, mwezi wa Aprili 1944. Rubani mmoja Mmarekani alikwenda nyuma ya adui kuwatoa rubani mwenzake na askari watatu Waingereza waliokuwa majeruhi na wagonjwa. Chombo chake kilikuwa na nguvu kidogo hata akawachukua mmoja mmoja. Na Burma si jina geni kwetu. Mwaka huohuo Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana katika bonde la Kabaw, na ndani yake walikuwamo vijana wa Tanganyika, wale tuliowaita Keya. Wenzetu hao walibebwa kwa machela katika matope ya masika, kwa kuwa helikopta zilikuwa chache mno.

Katika vita ya Korea, mwaka 1950 hata 1953, majeruhi alilazwa nje ya helikopta, kando, amefunikwa. Akitokwa na damu njiani hakuna aliyeweza kumgusa. Vietnam mambo yaligeuka. Helikopta ilikuwa kubwa zaidi, majeruhi akawekwa ndani, na pamoja naye alikaa mtu wa kumtibu. Walikuwa wanne: marubani wawili, fundi wa chombo, na mganga. Huyo mganga msimdhanie kuwa daktari aliyesoma miaka mingi. Alikuwa kijana aliyefundishwa miezi michache: kuziba damu, kumtia mtu maji mshipani, kuhakikisha anavuta pumzi. Mlango u wazi, risasi zinapita, mikono yake imelowa damu, naye hana budi kuamua ni nani atibiwe kwanza. Mara nyingi majeruhi alifika hospitali kabla saa moja haijakwisha tangu kuumizwa. Tangu 1962 hata 1973 walibebwa watu karibu 900,000, Wamarekani, Wavietnam na wengineo.

Bei yake haikuwa ndogo. Helikopta hizo zilipakwa msalaba mwekundu, lakini msalaba haukuzuia risasi. Tarehe 1 Julai 1964 Meja Charles Kelly alishuka kuchukua majeruhi, na waliokuwa chini wakamwambia kwa redio aondoke upesi kwa kuwa adui yu karibu. Akawajibu kwamba ataondoka akiisha kuwapata majeruhi wao. Risasi ikampata palepale akafa. Jibu lake likawa kama sheria kwa wote waliomfuata. Miaka mitatu na nusu baadaye, tarehe 6 Januari 1968, rubani Patrick Brady aliruka katika ukungu mzito, akabadilisha helikopta tatu siku hiyo kwa sababu ya matundu ya risasi, na jioni ilipofika majeruhi 51 walikuwa wameokolewa. Yeye alipewa nishani kubwa ya ushujaa. Lakini mganga na fundi waliokaa nyuma yake, nani aliwajua majina? Ndiyo maana naisifu nishani ya 2024: ni ya wote kwa pamoja, rubani na mganga na fundi.

Sasa turudi kwetu. Katika vita ya Kagera jeshi letu liliongezwa hata likapita watu 150,000, na kati yao kama 40,000 walikuwa mgambo, watu wa vijijini kama ninyi. Mwezi wa Februari 1979 Masaka na Mbarara zilitekwa, na tarehe 11 Aprili Kampala. Njia hiyo ndefu sehemu kubwa walikwenda kwa miguu. Jeshi la namna hiyo haliendi bila waganga, wauguzi, madereva na wachukuzi wa machela. Kila aliyerudi nyumbani na mguu mmoja alirudi kwa sababu kuna mtu aliyemfunga jeraha, na mwingine aliyemwinua.

Waliokufa tunawaheshimu. Kaboya, katika wilaya ya Muleba, yako makaburi ya mamia ya askari wetu, na majina yao yameandikwa pale. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, huwekwa mnarani mkuki na ngao, sime, upinde na mshale, shoka na shada la maua. Ni desturi nzuri, wala siilaumu. Ila mimi hutazama vitu vile nikajiuliza: mbona hakuna machela hata moja?

Na machela sisi twaijua vizuri kuliko watu wa Marekani. Majirani zetu wa Ankole na Kigezi, ng'ambo ya Murongo, wana vyama vya engozi. Mtu akiugua mlimani, wanachama huitana, humlaza katika engozi, wakampokezana mabegani mpaka barabarani au hospitali. Asiyetokea hutozwa faini. Na huku kwetu, kabla ya magari kuwa mengi, ni wangapi walifika Nyakahanga au Isingiro mabegani mwa jirani zao? Kazi ya helikopta ile na kazi ya engozi ni moja, isipokuwa moja ina injini.

Kutoa nishani si kazi yetu, ni ya Rais wa nchi. Lakini nishani haiwezi kutolewa kwa mtu asiyejulikana jina. Aliyekuwa na miaka ishirini mwaka 1979 sasa amepita sitini na tano. Kama katika nyumba yenu yuko baba, mama, babu au shangazi aliyewatibu au kuwabeba majeruhi wakati wa vita ile, chukueni daftari ya mtoto wa shule jioni hii. Mwulizeni taratibu, maana wengine hawapendi kuyasema. Andikeni jina lake lote, kijiji alichotoka, kikosi chake kama anakikumbuka, mahali alipofanya kazi, na majina ya wenzake. Hasa majina ya wenzake, kwa kuwa wao pengine hawana mtu wa kuwauliza.